Pilipili ya Chupa ya Tatu

Kabla sijasema lolote, naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba sikunywa. Matroni wetu wa bweni, ambaye ana kipaji cha kusoma vitu visivyomhusu, akiyakuta maandishi haya ajue kuwa katika kisa hiki chote nilitumia pua tu, na pua haina umri wa kisheria.

Likizo zote naishi kwa shangazi yangu, dada yake baba. Shangazi ni mtunza mvinyo katika mgahawa wenye vitambaa vyeupe mezani na wahudumu wanaotembea bila kusikika. Alianzia hapo hapo jikoni, akiosha sufuria. Sasa anashika ufunguo wa stoo ya mvinyo, mrefu kama kidole cha kati, anauvaa shingoni kwa kamba nyeusi, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna mtu mwingine aliyeufungua mlango ule. Analala nao. Niliwahi kujaribu kuuvua usiku, kwa nia njema kabisa ya kuufunga kwenye mkia wa paka wa jirani, nikapigwa kofi na mtu anayekoroma.

Umaarufu wa mgahawa ule ni Chupa Sita. Zote ni za zabibu moja, Syrah, nyeusi inayoelekea zambarau, na kila moja ina kadi shingoni aliyoiandika Shangazi kwa mkono wake. Wageni husoma kadi zile kabla hata ya kuuliza kuna chakula gani. Mimi nilizijua kwa moyo kabla sijajua mto mmoja wa jiografia.

"Ya Kwanza," Shangazi hupenda kuanza, akihesabu kwa vidole, "ina kifuniko cha kuzungusha, hata duka la kona wanayo. Watu wananicheka. Wacha wacheke. Imejaa forosadi mbivu, haijifanyi kitu kingine, na ukiifungua siku mbaya haikuongezei ubaya. Unataka nini tena?"

Ya Pili inatoka nchi ya joto, kule ambako zabibu hii hii huitwa Shiraz. Ni nzito, ina jemu ya plamu na chokoleti, mvinyo wa kujifunika kama blanketi. Ya Nne wameichachusha pamoja na zabibu nyeupe kiasi cha kiganja, basi inanukia kama mtu aliyepita mlangoni na maua akaondoka. Ya Tano ina miaka kumi na minane, miwili zaidi yangu, na ukiinusa umefungua sanduku la ngozi la babu. Ya Sita ni zeituni nyeusi na chumvichumvi, na Shangazi humpa mgeni anayejiona anajua kila kitu, ili anyamaze.

Lakini malkia ni ya Tatu. Inatoka kwenye mlima wa mawe wenye baridi, mteremko mkali kiasi kwamba kila mzabibu umefungwa kwenye kigingi. Kadi yake ilisema: *Pilipili manga iliyosagwa sasa hivi. Halafu moshi. Halafu maua madogo ya zambarau. Ukishameza, hesabu, ukifika ishirini bado ipo.* Wageni walinusa, wakafumba macho, wakasema, "Pilipili! Kweli jamani, pilipili!" kama watu waliokutana na ndugu yao ugenini.

Ikumbukeni pilipili hiyo. Nusura ituzike.

Kazi yangu ya likizo ilikuwa kumfanyisha Shangazi mazoezi. Jumapili mchana analeta nyumbani chupa zenye mabaki, mimi nazivika soksi zangu za shule ili lebo zisionekane, namimina, yeye ananusa na kutaja anachokisikia, kisha anaonja, anatema kwenye ndoo na kutaja chupa. Soksi ni safi. Zinakaribia kuwa safi.

Likizo hii nilikuwa nimechoka. Hakosei. Kuishi na mtu asiyekosea ni kama kulala na taa inawaka. Basi, kwa msaada wa jagi, nikabadilisha: mvinyo wa chupa ya Pili nikautia kwenye chupa ya Tatu, na wa Tatu kwenye ya Pili. Nikavika soksi. Ile chupa ya Tatu ya uongo nikaivika vibaya makusudi, ili kona ya lebo, ile yenye picha ya mlima, ichungulie kidogo.

Nilimwona akiiona. Jicho lilienda, likarudi, likajifanya halikwenda.

Akazungusha glasi, akaingiza pua. "Aa," akasema polepole. "Pilipili manga. Hii imenirukia kabla sijainama. Na moshi kwa mbali."

Nikajiuma ulimi. Akaonja. Akatafuna hewa, akatulia. Akatema.

"Hapana," akasema. "Hii imekaa juani. Hii tamu, nzito, inachoma koo. Wewe mtoto! Hii ni ya Pili! Umenibadilishia!"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye naye akacheka, akanitupia soksi. Kisha nikainusa ile glasi ili nifaidi ushindi wangu, na kicheko kikaniishia njiani.

"Shangazi. Hapa hakuna pilipili."

"Si nimekwambia ni ya Pili?"

"Lakini umesema imekurukia."

Akaanza kufuta meza. Ilikuwa kavu. Nikamimina ile ya Tatu halisi kutoka kwenye chupa ya Pili, nikamsogezea. Harufu ilinifikia nikiwa nimesimama wima: pilipili manga, kali, kama mtu ameipasua kwa meno karibu na sikio langu.

"Nusa hii, Shangazi."

Akanusa. Muda mrefu. "Moshi," akasema. "Maua. Jiwe lililonyeshewa." Akaiweka glasi chini taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. "Funga mlango."

Mlango ulikuwa umefungwa. Nikaufunga tena.

"Pilipili ya jikoni naisikia kama mtu mwingine," akasema. "Ya kwenye mvinyo, sijawahi. Hata siku moja. Nilikuja kusoma baadaye, kuna watu wa namna hiyo, mmoja kati ya watano. Harufu ile ikija, pua inaipisha tu kama mgeni asiye na mwenyeji."

"Nani anajua?"

"Wewe. Na ndoo."

"Sasa kwa nini..."

"Siku ya kwanza ya mafunzo tulikuwa wanane. Mwalimu akasema, mnasikia pilipili? Wote wakasema ndiyo. Mimi nimetoka kwenye sufuria juzi, vidole bado vina sabuni. Ningesemaje? Nikasema ndiyo. Siku ya pili ikawa ngumu kidogo kusema ukweli kuliko ya kwanza. Baada ya miaka kumi na mmoja, piga hesabu mwenyewe."

Mimi ni mtu niliyewahi kuweka chura kwenye droo ya mwalimu wa kemia, nikakaa darasani bila kupepesa jicho. Siku ile sikujua pa kuweka mikono.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hatukusubiri sana. Jumanne mchana nilikuwa mgahawani, kwenye kaunta ya nyuma, nikifuta glasi kwa kitambaa kisicho na nyuzi, niliposikia mgeni wa meza ya dirishani akimwita Tai.

Tai ni mhudumu mkuu. Tunamwita hivyo kwa sababu ya tai yake ya shingoni, ambayo hakuivua hata siku ile tulipopaka rangi dari. Yeye anautamani ufunguo wa stoo kama mtoto anavyoutamani mkia wa samaki kwenye sahani ya mwenzake: haombi, anaangalia tu.

"Kadi inasema pilipili," mgeni akasema. "Mwaka jana niliipata. Leo nanusa, nanusa, sipati. Hii ni chupa ile ile kweli?"

Tai akanusa. Nikaona bega lake likipanda kwa furaha. Alisema "samahani sana" kwa sauti ya msibani, akaipeleka chupa ofisini kwa Bosi kwa mikono miwili.

Bosi ni mwenye mgahawa, mama mfupi asiyepandisha sauti. Watu wakipiga kelele yeye hushusha, mpaka wao wanalazimika kunyamaza ili wasikie wanavyofukuzwa. Alimwita Shangazi. Mlango wa ofisi haufungi vizuri, na mimi nilikuwa na glasi nyingi za kufuta karibu na pale.

"Kadi hii uliiandika lini, dada?"

"Mwezi uliopita, Mama. Mzigo mpya ulipofika."

"Ni mavuno ya mwaka mwingine?"

"Ndiyo. Mwaka uliofuata. Za mwaka wa nyuma bado zipo stoo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Shangazi mwenyewe ndiye aliyenifundisha: pilipili ya Syrah inapenda baridi. Zabibu zikiiva polepole inakaa. Mwaka ukiwa wa jua kali inakimbia. Mlima ni ule ule, lebo ni ile ile, lakini mwaka huu mpya ulikuwa wa joto. Mtunza mvinyo mwingine angenusa mara moja na kulifuta neno. Shangazi aliinakili kadi ya zamani neno kwa neno, kwa sababu kwake pilipili haikuwahi kuwepo, basi angejuaje kwamba imeondoka?

"Uliionja?" Bosi akauliza.

"Niliionja."

"Na pilipili uliisikia?"

Nilikuwa nafuta glasi moja kwa dakika nzima, nikihofia itapasuka.

"Niliisikia," Shangazi akasema.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa ofisi ile.

"Labda Dada Mkubwa alikuwa na mafua," Tai akasema, mpole kama asali iliyomwagika. "Inatokea. Ndiyo maana mimi nasema kazi hii ingekuwa na watu wawili."

"Nilikuwa na mafua ulipomwaga supu kwenye begi la mgeni, pia?" Shangazi akajibu. "Au ile ilikuwa pua yako?"

"Basi," Bosi akasema, na wote wakanyamaza ili wamsikie. "Alhamisi, saa nne, kabla hatujafungua. Nitamimina glasi tatu. Moja tu itakuwa na pilipili. Nyinyi wawili mtanusa, mtaonja, mtaandika ni ipi. Wageni wanakuja hapa kwa sababu wanaziamini zile kadi. Sitakaa na mtu anayewaandikia asichokijua. Ufunguo nitampa atakayepata."

"Na asiyepata?" Tai akauliza.

"Sufuria zipo," Bosi akasema.

Jioni ile Shangazi alikaa jikoni kwetu mbele ya chai iliyopoa, akiuzungusha ufunguo kwenye kamba yake. Mimi nikamletea wazo. Ninalikumbuka kwa aibu, lakini wakati ule lilionekana la kijanja mno.

Shuleni kwetu, kwenye mitihani ya kuchagua jibu, kuna lugha ya kikohozi. Msimamizi hawezi kumwadhibu mtu kwa kuumwa. Anayejua anakohoa mwenzake akifika kwenye jibu lenyewe. Kwa lugha hiyo tumevusha watu madarasa mawili na kupoteza watatu tu.

"Bosi ameniambia mimi ndiye nitakayebeba trei kutoka ofisini," nikasema. "Amesema mtoto hana upande. Njiani nitanusa. Nitasimama nyuma na kitambaa changu. Ukiwa kwenye glasi yenyewe, nakohoa mara moja. Basi."

Shangazi akaniangalia. "Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

"Inaniwasha kwa sababu ni yako."

Jumatano yote hakujibu. Alikwenda kazini, akarudi, akapiga pasi sare yake mara mbili. Mimi niliokota punje tano za pilipili manga kwenye kopo la jikoni nikazitia mfukoni, ili njiani niwe na harufu halisi ya kulinganisha. Mtaalamu hujiandaa.

Alhamisi asubuhi, tukiwa tumeshashika kitasa cha mlango wa nyuma wa mgahawa, alisema bila kunitazama:

"Mara moja tu. Usipitilize."

Nilikuwa nimetegemea kufurahi. Badala yake nilijisikia kama mtu aliyemfundisha mwalimu mkuu kuruka ukuta.

Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza isipokuwa meza mbili. Shangazi kwenye moja, Tai kwenye nyingine, wamepeana migongo. Kila mmoja ana karatasi, kalamu, maji, ndoo ndogo. Ufunguo ulikuwa bado shingoni kwa Shangazi. Tai alikuwa ameinyoosha tai yake mpaka ikawa inamkaba.

Ofisini Bosi alikuwa amemimina glasi sita, tatu kila trei, na kubandika karatasi chini ya vitako. Nikabeba trei ya kwanza. Kutoka ofisini hadi ukumbini ni hatua kumi na moja. Nilizihesabu tangu Jumanne. Hatua ya tatu nikainamia ya kushoto: matunda, moshi kidogo, pilipili hakuna. Hatua ya sita, ya kati: jemu na chokoleti, hii ni ya Pili, naijua hata usingizini. Hatua ya tisa, ya kulia. Nilihisi ipo, lakini moyo ulikuwa unapiga kelele na pua ikasita. Nikaiweka trei mbele ya Tai, nikarudi kuchukua ya Shangazi. Njiani nikafanya kosa ambalo mtaalamu hafanyi. Ili kuhakikisha, nikachomoa punje moja mfukoni na kuing'ata.

Kulia. Ni ile ile. Hakuna shaka.

Na nusu ya punje ikateleza ikakwama kooni.

"Tuanze," Bosi akasema. Alisimama katikati ya ukumbi, saa mkononi. "Kushoto."

Glasi mbili zikainuliwa. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani na kitambaa changu, na kooni kwangu kulikuwa na mdudu wa moto mwenye miguu mia. Nikameza mate. Mdudu akapanda. Nikashika pumzi. Macho yakajaa maji, Bosi akawa wawili. Nilisema moyoni: sekunde kumi. Sekunde kumi tu aseme "kati", kisha ya kati ipite, kisha nitakohoa mpaka mapafu yatoke, na itakuwa halali. Nilitulia kama maji ndani ya mtungi. Niliwaza theluji. Nilimwaza matroni.

Shangazi aliiinua glasi ya kushoto puani.

Nikakohoa.

Haikuwa kikohozi cha adabu. Kilitoka kama mlango uliopigwa teke. Kilizunguka ukumbi mzima na kurudi.

Mgongo wa Shangazi ukakakamaa. Sikuona uso wake, niliona shingo tu, na kamba nyeusi ya ufunguo ikisimama na kushuka mara moja. Kwenye meza ya pili, Tai naye alikuwa ameacha kunusa. Kichwa chake kiligeuka kidogo, robo tu, kuelekea kwangu mimi niliyebeba trei. Halafu kikarudi.

"Maji yapo jikoni," Bosi aliniambia.

"Nimepona, Mama," nikasema kwa sauti ya chura. Ningeondokaje? Nilitaka nimpigie Shangazi kelele kwamba siyo, siyo hiyo, ni ajali. Hakuna kikohozi cha kufuta kikohozi. Katika lugha yetu nzima hatukuwahi kufikiria hilo.

"Kati."

Wakanusa, wakaonja, wakatema. Hiyo haikuwa na kazi. Mtoto wa chekechea angejua ni ya Pili.

"Kulia."

Shangazi alinusa. Akaonja. Akatema, akainamisha kichwa, na nikaona vidole vyake juu ya meza vikigonga polepole: moja, mbili, tatu. Alikuwa anahesabu. Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na sita. Akaivuta ya kushoto, akaonja tena, akahesabu tena. Vidole vikasimama kwenye tisa.

Tai alinusa ya kulia na nyusi zake zikapanda. Akaandika haraka, neno moja. Kisha akaiangalia karatasi. Kisha akaniangalia mimi. Akakata alichoandika, akaandika kingine, akakunja.

Shangazi hakuandika. Alishika kalamu juu ya karatasi muda mrefu hadi wino ukaacha nukta. Nilijua anachopima. Upande mmoja, ulimi wake. Upande mwingine mimi, mwenye pua inayoisikia pilipili, niliyeapa.

"Dada," Bosi akasema. "Muda."

Shangazi akaweka kalamu chini. Akapitisha kamba juu ya kichwa, akauweka ufunguo mezani. Ulitoa mlio mdogo.

"Mama, mimi pilipili siisikii," akasema. "Leo siisikii, na mwezi uliopita sikuisikia, na miaka kumi na mmoja yote sijawahi kuisikia. Pua yangu haina. Niliandika nilichosikia wenzangu wakisema."

Tai akageuka kwenye kiti chake.

"Na huyu mwana wa kaka yangu amekohoa kwenye ya kushoto kwa sababu nilimwambia akohoe. Kosa la kukohoa ni langu, si lake."

"Wazo lilikuwa langu," nikasema. "Na kikohozi kilikuwa cha kweli. Nimekwamwa na pilipili."

"Nyamaza wewe," wakasema Shangazi na Bosi kwa pamoja.

Bosi alisogea mezani. "Kwa hiyo jibu lako ni kushoto."

"Hapana." Shangazi akaishika glasi ya kulia kwenye shina. "Kushoto na kulia ni mlima mmoja, chupa ya Tatu zote. Lakini ya kushoto tunda lake limepikwa na jua, uchachu umelala, na koo linapata joto. Imekaa mdomoni hesabu tisa. Hii ya kulia uchachu wake unavuta mate mpaka nyuma ya masikio, ina yale maua, na imekaa ishirini na sita. Hizi zabibu ziliiva polepole, kwenye baridi. Kama pilipili ipo, ipo hapa. Mimi siisikii, Mama. Lakini nyumba yake naijua."

Bosi aliigeuza glasi ya kulia, akasoma karatasi ya chini. Akanyoosha mkono kwa Tai. Tai akampa karatasi yake kama mtu anayetoa jino.

Bosi akaikunjua. Akaisoma. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa umeandika *kulia*," akasema kwa sauti ndogo kabisa, nasi wote tukainama kusikia. "Ukakata. Ukaandika *kushoto*. Kwa nini?"

Tai akaangalia viatu vyake.

"Umesoma bweni, wewe?" Bosi akamuuliza.

"Miaka sita, Mama."

"Ulikuwa umepata. Ungeiamini pua yako leo, ufunguo ungekuwa wako."

Ningependa kusema nilimhurumia. Nilimhurumia baadaye, siku nyingine. Wakati ule nilikuwa naangalia ufunguo pale mezani, kwa sababu Bosi naye alikuwa anauangalia, na hakuuchukua wala hakuusukuma.

"Miaka kumi na mmoja," akamwambia Shangazi. "Ungeniambia siku ya kwanza, ningesemaje?"

"Ungenirudisha kwenye sufuria."

Bosi akafikiri. "Ningekurudisha," akakiri. Akavuta kiti, akakaa, akainusa ya kulia yeye mwenyewe, bila haraka. "Kadi zote sita ziandikwe upya kabla hatujafungua jioni. Uandike unachokisikia wewe, hata kama ni neno moja. Ya Tatu niione kwanza. Nikiipenda, uvae ufunguo wako. Nisipoipenda, nitauvaa mimi." Kisha akanigeukia, akaniangalia kuanzia viatu. "Na wewe, glasi zote za ghorofa zote mbili. Mpaka siku ya kufungua shule."

Tulikaa meza ya nyuma mchana kutwa. Shangazi aliandika na kuchana, akaandika na kuchana. Ya Kwanza ilimpa shida kuliko alivyotarajia. Aliishia na *Forosadi. Haijifanyi.* Ya Tano akaandika *Sanduku la baba yangu*, akafuta pua kwa kiganja, akasema ni vumbi. Mimi nilifuta glasi mpaka kidole gumba kikapoteza ngozi. Kooni bado nilisikia miguu ya yule mdudu.

Tai alipita na trei ya visu, akasimama nyuma yangu, akanong'ona bila kufungua meno:

"Kwenu mara moja maana yake nini?"

"Kwetu mara moja ni jibu lenyewe."

"Kwetu pia," akasema kwa uchungu, akaenda zake.

Saa kumi na moja Shangazi alipeleka kadi ya Tatu ofisini. Mlango haufungi vizuri, lakini safari hii hakukuwa na cha kusikia. Bosi alisoma. Alisoma tena. Niliona kivuli chake kwenye kioo cha mlango kikiinama juu ya meza, muda mrefu kuliko kadi yenyewe ilivyohitaji. Kisha nikasikia mlio mdogo wa chuma ukiinuliwa juu ya mbao, na nikasimama kwa ncha za vidole, kwa sababu kutoka pale nilipokuwa sikuweza kuona unakwenda shingoni kwa nani.

Shangazi alitoka. Alipita mbele yangu, akashuka ngazi tatu za stoo, na ule mlango, ambao kwa miaka kumi na mmoja unalia kwa namna moja tu, ukalia.

Kadi ipo hadi leo kwenye chupa za mwaka wa baridi; za mwaka wa joto zina kadi yao, isiyo na pilipili. Nendeni mkaisome. Inasema: *Mlima wa baridi, mwaka wa baridi. Moshi, maua madogo ya zambarau, jiwe lililonyeshewa. Hesabu hadi ishirini na sita. Watu wanne kati ya watano watasikia pilipili manga hapa. Aliyeandika kadi hii ni yule wa tano.*